Betri Mbili za Mbele

Heron Pond, Florida
3 Machi

Mdogo wangu Leonard,

Hujambo huko Toledo? Theluji imeyeyuka, au bado unaichota kwa koleo mlangoni pa duka? Sisi huku hatujambo, ni joto tu, na Mama naye hajambo kwa namna yake ya siku hizi.

Usishangae kupata barua. Simu tumeijaribu na unajua inavyokwenda: hatujamaliza kusalimiana, mmoja ameshakata. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Nina swali la kazi yako ya kufunga redio za magari. Mama sasa halali, haogi bila vita, na jioni huvaa koti la kanisani na kudai arudishwe kwao. Mimi huniita "bibie". Anadhani nimeajiriwa, na kwa maoni yake mshahara nimepewa mkubwa mno. Kitu kimoja tu humtuliza: nimpakie kwenye kigari cha gofu, tuzunguke bwawa, nimwekee polka, ule muziki wa kuchezea wa ujana wake. Akisikia kinanda cha kodiani, mguu wake unaanza kupiga mdundo kama zamani, na akishuka anakubali kuoga na kula. Shida ni kwamba masikio yake yamezidi kuwa mazito, na kiredio nilichokuwa nikimwekea mapajani alimrushia mamba wa bwawani Jumanne iliyopita. Mamba hakudhurika. Redio ilizama.

Nataka nifunge spika za kweli humo, za kusikika. Gus Pritchett, jirani yetu, anasema ni kazi ya nusu saa: atachukua umeme kwenye betri mbili za mbele, basi. Ni sawa?

Nijibu upesi. Wale wa nyumba ya kutunzia wazee wamenipigia, wana chumba. Nilimwahidi Mama, akili zake zikiwa timamu, kwamba sitamtoa nyumbani kwake. Nimewaambia wanipe muda wa kufikiri. Kigari kikifanya kazi naweza kuendelea naye. Kisipofanya, Leonard, sijui.

Dada yako,
Delphine


Toledo, Ohio
9 Machi

Dada Delphine,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni mgongo tu. Mama hajambo? Nibusie shavu lake, na yule mamba mpe pole yangu.

Mwambie Gus aweke bisibisi chini na arudi nyumbani kwake. Wenye vigari vya gofu wote wana ugonjwa huo mmoja. Sikiliza. Kigari cha Mama kina betri sita, volti sita kila moja, zimeungana mfululizo, na zote kwa pamoja ndizo zinazokisukuma. Redio inataka volti kumi na mbili. Basi mvivu anatazama, anaona betri mbili zinatosha, anachomeka hapo. Na itaimba! Ndiyo ubaya wenyewe, itaimba vizuri sana. Lakini mbili hizo zitasukuma kigari sawa na wenzao, halafu redio nayo zitaibeba peke yao. Chaja haijui hilo. Inazilisha zote kana kwamba zimechoka sawasawa. Nne zinavimbiwa, mbili zinalala njaa kila siku, na hazina mdomo wa kusema. Siku zikifa, kigari kizima kinasimama, hata kama zile nne bado zina nguvu tele.

Nakutumia kiboksi. Ndani kuna kidude cheusi cha kupunguza umeme: kinakula kutoka betri zote sita, kinatoa kumi na mbili. Waya mwekundu unakwenda mwanzo wa mnyororo wa betri, mweusi unakwenda mwisho wake. Usiufunge ule mweusi kwenye chuma cha bodi kama gari la kawaida. Fyuzi ikae karibu na betri. Kabla hujagusa chochote, chini ya kiti kuna swichi ya kukokotea, ile inayokata umeme wa kigari, igeuze kwanza. Na vua pete. Spika ni za mashua, haziogopi mvua. Zifunge juu, nyuma ya kichwa chake, upande wa kushoto, maana hilo ndilo sikio lake zuri. Nimekuongezea honi.

Habari za chumba tusizizungumze sasa. Wewe ndiye unayemwelewa Mama.

Mdogo wako,
Leonard


Heron Pond
28 Machi

Mdogo wangu,

Salamu, na pole kwa mgongo. Ukome kuinua vitu vya vijana.

Kiboksi kimefika salama. Barua yako niliisoma nikicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu Gus alikuwa ameshamaliza. Alikuja na spika mbili alizong'oa kwenye mashua ya mkwewe, na kweli ilikuwa nusu saa. Kiboksi chako nimekiweka juu ya mashine ya kufulia.

Usinune. Ungemwona! Tumepita viwanja vya tenisi kodiani ikilia, wazee wameacha mchezo wakapiga makofi, na Mama akawapungia mkono kama ndiye aliyewaalika. Mzee Hatcher akasogea kuomba wimbo. Mama akamwambia, "Hii si baa ya babako, Bwana. Teremka." Na hakuwa hata amepanda. Tuliporudi alikula pierogi, zile sambusa zake za kuchemsha, sahani nzima, akaoga bila kunikwaruza. Tangu hapo hajadai kurudishwa kwao hata siku moja. Leonard, nimeanza kudhani nitaiweza ahadi yangu.

Sasa nikimwambia Gus afumue kazi yake, nitaanzia wapi? Mtu amekusaidia bure, humwambii ameharibu. Njoo Pasaka ufumue mwenyewe. Nitapika soseji na mayai kama nyumbani, tutapeleka kikapu kanisani kibarikiwe. Mama akikuona, labda. Njoo tu.

Dada yako,
Delphine


Toledo
4 Aprili

Dada Delphine,

Salamu za Pasaka kabla ya Pasaka. Mama anaendeleaje? Vijana dukani nimewasomea ile ya baa ya babako, na sasa kila mteja msumbufu anaambiwa ateremke.

Lakini fumua waya wa Gus, nakuomba. Ukizigusa betri zile mbili jioni utazikuta za moto kuliko wenzao. Na kigari kikianza kusinzia kwenye kile kilima cha kanisani, ujue zinakaribia kufa.

Pasaka sitaweza. Huu ndio msimu wetu, theluji imekwisha na kila kijana wa Toledo anataka gari lake litetemeshe madirisha ya jirani. Labda kiangazi. Na kusema kweli, Dada, mimi nikija nitavuruga tu. Wewe ni mvumilivu tangu utotoni. Mimi ni wa kubamiza milango.

Mdogo wako,
Leonard


Heron Pond
27 Aprili

Leonard,

Mama yu hai. Nimeanza na hilo usije ukaangusha karatasi.

Jumatano jioni tulikuwa upande wa mbali wa bwawa. Kodiani ikaanza kujivuta, ikapoteza sauti, kisha kigari kikasimama. Nilisogea hadi njiani kumwita mtu atukokote. Muziki ulipokatika, Mama akashuka kwenda kuutafuta. Nilipogeuka alikuwa ndani ya maji hadi magotini, bwawa lilelile la mamba, akiita, "Stanley, mbona umeacha kupiga?" Baba tulimzika miaka sita iliyopita na kodiani yake imo stoo. Nilimvuta Mama kwa nguvu, akaanguka, mkono ukateguka. Nililia pale kwenye tope, naye akanifuta uso kwa ule mkono mzima na kuniambia, "Bibie, usijali, mwenye nyumba hatajua."

Gus alikuja na kipimo chake. Betri nne ni nzima. Mbili za mbele zimekufa kabisa. Alilia, maskini, nikambembeleza. Kila mtu nambembeleza mimi.

Ulisema kweli. Nimekaa garaji juu ya ndoo nikazisoma barua zako upya. Zitabeba peke yao, umeandika. Hazina mdomo wa kusema. Umeandika vizuri sana. Hivi ulipokuwa ukiandika, hukujua unaandika habari za nani? Mama ana watoto wawili, na waya wote umefungwa kwangu. Umeulizia hali ya betri mara mbili, ya Mama mara mbili, na mamba umempa pole mara moja. Mimi hujaniuliza kama nalala.

Nimewakubalia nyumba ya wazee. Wanampokea tarehe mosi Juni. Nimevunja ahadi, na hata nguvu ya kuona aibu sina.

Usipige simu.

Delphine


Heron Pond
18 Mei

Leonard,

Salamu. Nilisema usipige simu, sikusema unyamaze.

Nimeanza kushona majina kwenye nguo zake, wanataka kila vazi liwe na jina. Kigari kimekaa garaji. Kila jioni anavaa koti na kukaa ndani yake, anasubiri kiondoke. Kiboksi chako bado kipo. Nikurudishie, au nimpe Gus?

Jana nikimchana nywele aliniuliza, "Bibie, una watoto?" Nikasema sina. Akasema, "Mimi ninao wawili, lakini wana shughuli nyingi."

Nimeona nikuandikie hilo, ulijue.

Delphine


Mezani, jikoni kwa Mama
24 Mei

Dada yangu Delphine,

Usishtuke ukikuta gari la Ohio limeziba njia ya Gus. Ni mimi. Habari za asubuhi, na umelalaje? Nauliza kweli. Nimekukuta kwenye kochi, umelala na viatu. Gus ameniambia taa yenu iliwaka mpaka alfajiri. Ndiye aliyenifungulia garaji.

Nilikuandikia barua nyingi nikazichana. Kila nikianza najikuta najitetea, na sina utetezi. Nilikuacha peke yako kwa kuwa ilinifaa, nikakusifu uvumilivu ili usilalamike. Basi nikaacha kuandika, nikatafuta wa kumwachia duka. Analo Marvin, mmoja wa vijana wangu, mpaka theluji ianguke. Akiliharibu, shauri yake.

Nimeweka betri mpya zote sita, maana mpya hazichanganywi na zilizochakaa. Waya wa Gus nimeufumua, naye amenishikia tochi akiomba radhi mfululizo hadi nikamwambia, "Mzee, mulika, toba baadaye." Kidude cheusi kiko chini ya kiti, kinakula kutoka kwa zote. Spika ziko upande wa kushoto.

Nilikuwa nagongea bano la mwisho la kushikia waya Mama alipotokea mlango wa jikoni, koti la kanisani juu ya nguo za kulalia. Hakunijua. Nilijiandaa kwa hilo njia nzima, na bado limeniuma. Akaniinulia kidole, akasema kwa sauti ya chini, "Wewe fundi, weka nyundo chini. Binti yangu amelala."

Nikamuuliza, "Binti yako yupi, Mama?"

"Kwani ninao wangapi? Delphine. Ndiye anayenitunza. Mwache alale, amechoka."

Nimeandika kama alivyosema, sijaongeza neno.

Habari ya tarehe mosi ni yako kuamua. Ukisema aende, nitampeleka mimi na lawama nitabeba mimi. Ukisema abaki, usiku wake ni wangu kuanzia leo, na mchana tutagawana. Nimempakia kwenye kigari na sasa ameigundua honi. Acha nimwondoe kabla hajakuamsha. Vua viatu, ulale.

Mdogo wako,
Leonard


(Nyuma ya karatasi hiyohiyo)

Mdogo wangu Leonard,

Umesahau kofia ya Mama, iko msumarini nyuma ya mlango. Jua la huku si la Toledo. Mkiingia kuichukua, ingieni polepole.

Nimewasikia mkipita mara mbili, kodiani inafika mpaka jikoni. Mara ya kwanza nilikimbilia dirishani kuhakikisha amekaa. Mara ya pili sikuinuka. Barua yako nimeisoma, na pale aliposema jina langu nimeparudia hadi macho yakakataa.

Nimewapigia nyumba ya wazee. Chumba wampe mwingine.

Pierogi zimo kwenye friji, zipashe kwa siagi, kitunguu asikione maana atakitupa. Mimi nimevua viatu. Msiniamshe.

Dada yako,
Delphine