Hukuchanganya Makopo

Papa Jozefina wangu,

Siku ya kumaliza matanga yako, rafiki yako wa labo, Papa Stefano, alisimama kukusifu. Alisema umepima damu na choo cha watu wa Kalemie tangu mji ungali unaitwa Albertville, na kwamba katika kazi yako yote ulikosea mara moja tu: siku moja ulichanganya makopo ya choo cha wagonjwa. Watu wakacheka kwa upendo, hata padri alicheka. Mimi nilikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, nikanyamaza. Sasa ni wiki ya tatu nimenyamaza. Hukuchanganya kopo hata moja, bwana yangu, na wewe ulijua, na mimi nilijua.

Uliponitoa Zongwe kunioa, kwetu walisema nimepata munganga, daktari mzima, na mama yangu alitamba kijiji kizima. Nilipofika hapa ndipo nilipoelewa kwamba munganga wangu anakaa kwenye kiti kirefu kutwa, jicho kwenye mikroskopi, anaangalia damu ya watoto na mavi ya watu wazima. Nilicheka mpaka ukanuna. Ukanipeleka labo siku ya Jumamosi, ukanichoma kidole, ukapaka tone la damu kwenye kioo na kunishika kichwa nitazame vizuri. Niliona vitu vya mviringo vimejaa tele, nikaogopa, nikadhani ni wadudu. Ukasema hapana, hii njo wewe mwenyewe, chembe za damu yako, na malaria hakuna, mbu wa Zongwe walikuogopa. Nilikupenda sana siku ile.

Malaria ndiyo ilikuwa swali lako. Ulirudi nalo nyumbani tukala nalo bukari, ugali wetu. Ulisema umepima watoto wawili wa mama mmoja, wanalala mkeka mmoja, wote wana malaria kwenye damu. Mmoja anacheza mpira, mwenzake bandama limevimba mpaka unalishika kwa mkono, na mvua haikumkuta hai. Kwa nini huyu na si yule? Uliniuliza mimi, kana kwamba ni mimi niliyepanga! Nilikuambia kula kwanza, samaki anapoa.

Jozefina, mtoto wetu wa kwanza, alikuwa anaanza kutambaa tumbo langu lilipoanza kunikata. Nikawa natoka damu. Unajua kwetu mwanamke hasemi anaenda chooni, anasema anaenda kuangalia mihogo. Nilificha mwezi mzima, mpaka jioni moja ukaniambia mihogo yetu kweli imepata mlinzi, leo ameiangalia mara tisa. Nililia. Hukucheka tena. Ulinipa kopo dogo la mafuta ya kujipaka, limeoshwa vizuri, ukasema kesho niweke choo changu mle upeleke labo.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikuwa na miaka ishirini, na mume wangu alitaka kuangalia choo changu kwa kile chombo kinachokuza vitu. Nilijiambia akishaona hivyo hatanitamani tena. Mama yako aliishi nasi, miguu yake mizito, na mimi ndiye niliyemwaga chombo chake kila asubuhi. Nikachota kwake, nikatia kwenye kopo, nikakupa. Sikufikiri kitu kingine. Nilijua yeye ni mzima.

Kumbe hakuwa mzima. Uliona amiba, wale wadudu wa kuharisha damu, ukaandika jina langu kwenye rejista. Ukaanza kunichoma mwenyewe sindano za emetini, dawa ya amiba, kila asubuhi kabla ya kazi, na kila ukichoma uligeuza uso. Zilinichosha vibaya. Moyo ulikimbia, ndoo ya maji ikanishinda, na damu haikukoma. Ukaniomba kopo la pili, kisha la tatu. Nikakupa ya mama yako tena na tena. Ulikuwa umekonda kuliko mimi mgonjwa.

Kisha mama yako akaanguka. Homa kali, maumivu chini ya mbavu za kulia, hawezi kugeuka kitandani. Majirani wote wakasema malaria, mpe kinini. Ukachoma kidole chake, ukaenda kupima, ukarudi saa sita mchana, ukasimama mlangoni kama umepotea njia. Ukasema malaria hakuna, wala huelewi ni nini. Mimi nilielewa. Nikaona mama yako atakufa kwa ajili ya haya yangu. Nikaweka chini kisu cha kukatia sombe, yale majani ya mihogo, nikakuambia yote, huku nikijua leo leo narudishwa Zongwe.

Ulinawa mikono muda mrefu sana. Nilingoja unipige, ingawa hukuwahi kunipiga. Ukaniuliza swali moja tu:

“Sasa ile ya kwako iko namna gani?”

Nikaokota kisu nikaendelea na sombe. Ukasema:

“Kesho utaniletea ya kwako. Mimi niko bwana yako, siko mugeni.”

Ukakimbia labo kutafuta dawa. Zile sindano zilizokuwa zinaniua mimi ndizo zilizomwinua mama yako. Ini lake lilikuwa limeingiliwa na amiba. Baada ya wiki mbili alikaa uani akilalamika sombe yangu haina chumvi, na nikafurahi kusikia. Alikufa miaka mingi baadaye, hajui lolote. Hukumwambia.

Choo changu mwenyewe ulikipima siku kumi na mbili mfululizo. Hukuona amiba, wala bilharzia, wala yai la mnyoo. Daktari Mzungu, mkubwa wenu wa labo, alikuambia utafute tena, maana kuhara damu bila mdudu ni ugonjwa wa kwao Ulaya, watu weusi hawana. Ukatafuta tena. Kisha ukanunua daftari la shule, ukawa unaandika: leo homa, kidole kimechomwa, malaria hakuna, leo damu mara nne, leo amekula samaki, amecheka. Ndiyo, uliandika hata nilipocheka. Watoto wetu wote walikua daftari hilo likiwa juu ya kabati. Siku moja ukaniambia labda mwili wangu unapigana kupita kiasi, malaria inakimbia, lakini vita inabaki tumboni. Hukujua kama ni kweli. Ulitaka tu kujua.

Mwaka uliopita Jozefina alitupeleka Lubumbashi, wakaniangalia ndani kwa mpira wenye taa, na yule daktari msichana akasema ni vidonda vya utumbo mpana, mwili unajishambulia wenyewe. Ulimwomba akuandikie jina la ugonjwa kwa herufi kubwa. Kisha ukamuuliza swali lako, je, mwili unaoishinda malaria ndio unaojidhuru? Akasema watu wanajiuliza hivyo hivyo, jibu bado. Ulitoka pale umefurahi kama umeshajibiwa. Nilikutazama ukishuka ngazi na fimbo yako, nikajiona mwanamke mwenye bahati.

Lakini kitu kimoja hukuniambia. Siku zile za sindano rejista ilibidi irekebishwe, ama sivyo wangekuamuru uendelee kunichoma. Ukamwambia yule daktari Mzungu kwamba ni wewe uliyechanganya makopo. Stefano alieleza mbele ya watu: kwa kosa lile walikutoa kwenye mikroskopi, wakakutuma miaka miwili kwa miguu na mtumbwi, kijiji kwa kijiji, kuchoma vidole vya watoto. Mimi uliniambia umeomba mwenyewe, kwa ajili ya swali lako. Nilikufungia unga na ndagala wakavu nikiimba. Uliniletea salamu za mama yangu kutoka Zongwe, na mimi nikawaombea wakubwa wako baraka. Ee Papa Jozefina, ulirudi nyayo zimepasuka, nikakukanda kwa maji ya chumvi, na hata hapo hukusema.

Basi Jumapili, misa ikiisha, nimemwomba padri nafasi, na barua hii itasomwa mbele ya wote, Stefano akiwepo. Jozefina hataki. Anasema, mama, utataja habari za choo kanisani, mbele ya wakwe zangu? Nimemwambia baba yake alichungulia choo cha mji muzima asione haya hata siku moja. Mimi nitataja changu.

Pumzika sasa, bwana yangu. Wewe umenificha vya kutosha.

Ni mimi mke wako,
Mama Jozefina