Mbuzi Iko Nyuma, Lori Imekwama Kikorongo

Afande,

Kalamu nimeishika mwenyewe, mimi yule uliyekuwa ukimwita Profesa kwa sababu nilitoka shule senia two, sekondari mwaka wa pili, na bado nabishana na walimu. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia. Bado nimekasirika, ila leo hasira imepoa kidogo, inashikika.

Kwanza habari za kazi. Kipaza sauti cha kibanda cha video hapa Bwera sasa nakishika mimi. Na nisijinyime sifa: watu wanajaa. Wakongomani wanavuka mpaka kuja kunisikiliza nikigeuza Kiingereza cha filamu kuwa Kiswahili. Mtu aliyekula chakula Goma, Juba na Mombasa atashindwaje na Mmarekani mwenye bastola? Wanasema vijei huyu, ndivyo wanavyotuita sisi wa kutafsiri filamu, anatisha. Halafu mmoja, lazima awepo mmoja, anapiga kelele kutoka nyuma: "Lakini haiko kama Afande!" Hata ukiwa chini ya udongo unanipunguzia sifa. Wala hawajui kwamba uafande wako ulikuwa wa jikoni, kwamba ulipikia jeshi ugali wa posho na maharage ukarudi na Kiswahili cha amri.

Kuna filamu moja siigusi. Unaijua. Ile ya watoto wa sekondari, kijana mwembamba mwenye miwani anampenda msichana anayependwa na shule nzima. Wanagombana, wanachekeshana, mwisho anamfuata kwao. Ulipofika hapo hukujua mambo ya Wazungu, kwamba shule zao hufanya dansi kubwa mwisho wa masomo. Wewe uliona nini? Kijana amevaa suti ya kuazima. Gari refu nje. Baba wa msichana amesimama mlangoni amekunja mikono. Mama anapiga picha. Msichana anashuka ngazi polepole na gauni refu, kama anayetolewa chumbani na mashangazi. Ukasema kwenye kipaza sauti, bila hata kumeza mate: "Mabibi na mabwana, leo ni introdakisheni!"

Nani angekubishia? Kila mtu mle ndani alishakwenda kujitambulisha kwa wakwe, au alimsindikiza mwenzake. Ukampa kijana jina lako. Msichana ukamwita Masika, binti wa Katunguru. Baba mtu akasema Kiingereza chake, wewe ukamfanya aungurume: "Mutoto, mbuzi yangu iko wapi?" Na yule kijana, na kiua chake cha kumfunga msichana mkononi, akajibu kwa sauti yako: "Muzee, mbuzi iko nyuma, lori imekwama Kikorongo!"

Kibanda kilitaka kuanguka. Bwera nzima ikayaokota maneno hayo. Fundi akichelewesha suruali yako, mbuzi iko nyuma. Mtu wa boda akikwambia yuko karibu na bado anaoga, lori imekwama Kikorongo. Masika mwenyewe, uliyekuwa ukiishi naye bila kujitambulisha kwao, alikaa benchi la mbele na Biira wenu mapajani, akacheka mpaka akajifunika uso na leso. Nilimwona. Alicheka kama mtu aliyeahidiwa.

Maana kweli ulimwahidi. Ulisema utakwenda kwa baba yake na mimi nitakuwa msemaji wako. Hotuba nilishaipanga, Afande, hotuba ya kuwaliza wakwe! Ukasema ngoja kahawa ivunwe. Ikavunwa. Ukasema ngoja nyumba ipate bati. Bati likapanda. Halafu asubuhi moja kichwa kikakuuma, na jioni tukawa tunatafuta shuka ya kukufunika.

Sasa sikiliza ulichotuachia. Kwenye mazishi, kule kwenu mlimani Mahango, kaka zako walimketisha Masika pamoja na majirani. Majirani! Mwanamke aliyekuzalia, aliyelala na kikohozi chako mgongoni. Walipoitwa wafiwa wasimame, yeye hakuitwa. Matanga yalipokwisha baba yako mdogo akaita kikao. Mtoto ni wa ukoo, atabaki mlimani. Mwanamke hakuna aliyemtambulisha, arudi alikotoka.

Nilipanda na boda mpaka huko, spika ya kibanda mgongoni, kompyuta kifuani. Ndiyo, niliwachezea ile filamu, yenye sauti yako tuliyoirekodi. Usicheke. Hoja yangu ilikuwa nzito: introdakisheni ni kusema mbele ya watu, na wewe ulisema mbele ya watu, ukataja jina lake, kwao, na jina lako. Na hakuna aliyesimama kukupinga.

Sauti yako ikatoka. Mama yako akaweka mkono mdomoni. Wazee wakaanza kucheka, wakacheka mpaka machozi, na mimi nikajua nimeshinda. Ndipo mpwa wako, yule mwalimu wa Kasese, akakohoa. "Wazee, hapo hakuna utambulisho. Hiyo ni dansi ya shule tu. Hao watoto wanakwenda kucheza muziki."

Nikamwambia Wazungu wabaki na dansi yao, sisi tulimsikia mtu wetu. Baba yako mdogo akafuta macho, tabasamu bado liko, akasema polepole: "Na sisi tumemusikia. Amesema mwenyewe mbuzi haiyafika."

Basi. Mimi, mtu wa mdomo, nikafunga kompyuta. Na unajua kinachouma? Hakuna aliyenifokea. Walinipa chai.

Masika hakungoja kufukuzwa. Alimchukua Biira, mama yako akamfungulia mlango wa nyuma, wakaenda Katunguru. Sasa anakaanga samaki karibu na daraja. Nilimfuata. Nikamwambia mimi na watu wa kibanda tutachanga mbuzi, tuwapeleke kwa baba yake kwa jina lako, nami nitasema yale yote niliyoyapanga. Hakuinua macho kutoka kwenye karai.

"Shemeji," akasema, "yule mutu alikuwa na mudomo ya kujaza kibanda. Kwa baba yangu tu ndiyo alikuwa bubu. Mimi siposwi na kaburi."

Kisha akanifungia samaki mkubwa, kama mtu anayemfariji mgonjwa.

Nilitaka kukutetea. Nilitafuta neno kutoka darajani mpaka Bwera, nikalikosa. Ulikuwa mtu mwema kuliko wote niliokutana nao, na mimi nimetembea. Ulinipa kazi wakati kila mtu aliniona kelele tu. Ulimpenda, hilo naapa hata kanisani. Lakini ulimpenda kwenye kipaza sauti, Afande. Kikizimwa, ulikuwa unamwogopa baba yake, mzee mmoja wa samaki.

Kaka zako wametuma maneno kwamba Biira akifika umri wa shule watashuka kumchukua. Basi nakuahidi hivi. Watanikuta nimefika kabla yao, nimekaa kati ya mtoto na mlango, na mwenyekiti wa kijiji upande huu, mchungaji upande ule. Sitaleta filamu. Nitawaambia ukweli mbele ya watu wote: aliyechelewa ni wewe, si yeye. Nitakuaibisha, ndugu yangu, na nitafanya hivyo kwa sauti kubwa kuliko yako yoyote, mpaka huyo mtoto abaki na mama yake.

Lala, Afande. Ila usilale vizuri sana.

Mimi wako,
Profesa