Nimepona Ugonjwa Ambao Sikuwa Nao, Nitamwambiaje Mke Wangu?

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa mzima kabisa wa afya, na hapo ndipo tatizo langu linapoanza. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mbili, nabeba magunia kwenye ghala la sukari mbali na nyumbani, huu mwaka wa sita, na shule niliishia darasa la tano kwa hiyo nivumilie mwandiko. Mke wangu na watoto wetu watatu wako kwetu, na miaka yote hiyo nimemwambia kwamba mimi ni dereva wa foklifti, ile gari ya kuinulia mizigo, hata picha nilimtumia nimekaa juu yake, dereva mwenyewe akiwa amekwenda kula. Nilipoondoka niliaga kwa majigambo mno, na mama mkwe alikuwapo anasikia.

Sasa mwezi uliopita walikuja watu wa afya wakaweka meza getini saa ya chakula, wanapima sukari ya damu bure kwa ile mashine ndogo ya kuingia mfukoni, unatobolewa kidole, tone linagusa kijikaratasi kigumu, namba inatoka. Binti muuguzi akasema kila mtu akanawe kwa sabuni kwanza. Bombani kulikuwa na foleni, nyapara alishaanza kupuliza filimbi, na asubuhi ile gunia lilikuwa limenipasukia mikononi, basi nikajifuta kwenye suruali nikarudi.

"Umenawa, kaka?"

"Nimenawa."

Ikatoka ishirini na saba. Binti akabadilika uso, akaniambia niende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwenzangu tunayemwita Kamba, aliyekuwa nyuma yangu, akapaza sauti, "Jamani, huyu si wa kupimwa tena, ni wa kushonwa mdomo apangwe na magunia mengine!"

Wote walicheka isipokuwa mimi, kwa sababu kaka yangu mkubwa alifariki kwa ugonjwa wa sukari, ulianzia kidole cha mguu. Kituoni sikwenda, niliogopa, nikaenda chumbani nikampigia mke wangu nikamwambia nina sukari na naona sifiki mbali, na kwa kuwa nilishajiona marehemu nikamwambia na lile la foklifti, nikasema nisamehe mama watoto, mimi ni kuli tu. Akasema, "Hilo tutaliongea ukipona."

Wiki mbili niliugua, nikinywa maji nasema ndiyo hiyo kiu, miguu ikiwaka moto nasema ndiyo yenyewe, ingawa inawaka tangu siku yangu ya kwanza ghalani. Mwishowe nikajikokota kituoni. Mama wa maabara akanisimamia nikinawa kama mtoto, akapima, ikatoka tano na nusu. Nikamwambia mama, mashine yako mbovu. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamjibu, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Hicho kijikaratasi kinaonja tu, baba. Hakijui sukari hii imetoka kwenye damu au kwenye suruali." Kisha akaleta kifaa kipya, kadi ya plastiki ndogo kama kiberiti, ndani ina vijia vyembamba kama unywele na tone la damu linajipitia lenyewe humo. Akanieleza kwamba hiki kinasoma sukari iliyonata kwenye damu kwa miezi mitatu nyuma, hukidanganyi kwa kidole kichafu. Tukasubiri dakika chache. "Huna ugonjwa, baba. Nenda kapumzike." Mshauri, nilikaa kwenye ngazi za kituo nikalia, halafu nikala mkate mzima peke yangu.

Leo ni siku ya kumi na moja na mke wangu sijamwambia. Anapiga kila jioni, anauliza nimekula nini, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tuwe wachumba. Nikisema nimepona, yale maongezi yamefika. Na yeye ni mpishi wa shule, amekwisha omba ruhusa, mwisho wa mwezi anakuja kuniuguza. Nimefikiria kusema napona polepole. Nifanyeje?

Mbeba Magunia

JIBU

Ndugu Mbeba Magunia, hongera, maana nilipofika kwenye ishirini na saba hata mimi mapigo ya moyo yalibadilika. Na pole kwa kaka yako.

Sasa nikuseme. Muuguzi alikuuliza swali la maneno mawili ukamdanganya. Na kama namba ile ingekuwa ya kweli, wiki mbili za kujificha chumbani zingeweza kukuua. Ukiambiwa nenda leo, nenda leo. Kwa kuwa ugonjwa huo upo kwenye ukoo wenu, rudi kwa yule mama kila mwaka, na unawe bila kusimamiwa.

"Kupona polepole" futa kabisa. Unataka mwanamke aache watoto watatu, apande basi, aje kumuuguza mtu anayemaliza mkate mzima? Unaogopa atakachosema akijua u mzima, lakini hujaangalia anachofanya. Tangu jioni ile anajua wewe ni kuli, na hajakosa kupiga hata siku moja. Anayeulizwa amekula nini ni kuli, si dereva.

Usimsubiri apige, piga wewe. Anza na "niko mzima", kisha mweleze suruali na yote. Hizi siku kumi na moja zitamuudhi kuliko ile miaka sita, na ana haki, kwa hiyo akifoka mwache afoke mpaka amalize, wala usijitetee kwa kifo cha kaka yako. Akishatulia, mwombe asiirudishe ile ruhusa ya kazini. Aje kumtembelea mumewe, na umpeleke ghalani akakuone kazini.

Fanya hivyo leo hii. Gazeti hili linafika hata kwenu, na mkeo hatahitaji jina ili ajue nani ameandika.