Tunaomba Radhi kwa Usumbufu Wowote

Nyumbani,
2 Februari

Mwanangu mpenzi,

U hali gani huko shuleni? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama injini ya zamani? Mimi mzima. Miguu tu ndiyo inalalamika, na yenyewe haina chama cha kuipigania.

Sisi wenye chama nasi tunaelekea huko huko. Ofisi ya reli inataka kutuondoa sisi magadi, wasimamizi wa milango, kwenye treni za mjini. Wanasema dereva atajifungia milango mwenyewe kwa kubonyeza kitufe, na kioo kitamwonyesha kilichoko nyuma. Kioo! Jukwaa la kituo cha sokoni limepinda kama ndizi. Mimi nikisimama kwenye mlango wa behewa la mwisho ninamwona mtoto aliyeachia mkono wa mamake, ninamwona mzee ambaye mguu mmoja uko ndani na mwingine nje. Nikiridhika ndipo ninapopiga kengele mbili, na dereva wangu, Mzee Breki, ananijibu mbili kutoka mbele, tunaondoka. Miaka yote ya kazi hatujamburuta mtu.

Jana tulimfuata katibu wa chama, yule tunayemwita Tulieni. "Tulieni, wenzangu, mazungumzo yanaendelea." Nikamuuliza yanaendelea na nani, maana wenyewe tuko hapa. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema kama tuna neno tuliandike, tulisaini, naye atalisoma kwenye mkutano kabla chama hakijatia saini na ofisi.

Sasa, Bi Vitabu, nani mwingine anayejua kuandika nyumbani kwetu? Tutengenezee barua. Sema hatukubali, na jambo lenyewe lipigiwe kura kwanza. Nikitolewa mimi kwenye treni, na wewe unatolewa shuleni. Sitakuficha.

Kengele mbili.
Mamako


Shuleni,
9 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, ila usiku baridi. Miguu uiloweke kwenye maji ya chumvi, nimesoma inasaidia.

Barua hii hapa. Nimeiandika maktabani, kwenye meza ya pembeni iliyowekewa kamusi chakavu chini ya mguu mmoja ili isiyumbe. Unajua kusimama mbele ya watu siwezi. Kwenye mdahalo uliopita nilisema "Mheshimiwa mwenyekiti" kisha nikakaa. Darasa zima sasa linaniita Mheshimiwa. Lakini kwenye karatasi sitetemeki.

Nimeweka kila kitu: jukwaa lililopinda, mzee wa mguu mmoja ndani, na kwamba magadi hawatakubali makubaliano ambayo hawakuyapigia kura. Nimeifunga kama mwalimu wa Kiswahili alivyotufundisha kufunga barua rasmi: "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Anasema barua isiyo na sentensi hiyo ni kama mgeni anayeondoka bila kuaga.

Isome polepole kabla hujaitoa. Ukiona neno baya, likate.

Kengele mbili. (Nimegonga mezani kweli. Msimamizi wa maktaba amenikazia macho.)
Mwanao


Nyumbani,
20 Februari

Mwanangu,

Marahaba, Mheshimiwa! Chumvi imesaidia, au labda ni furaha.

Niliisoma barua yako kwa sauti katika chumba chetu cha kubadilishia nguo. Dada Filimbi, gadi wa treni ya alfajiri, alisimama na soksi moja mkononi mpaka nikamaliza. "Kumbe sisi ndio tunaosema hivi?" Akataka nirudie pale pa mguu mmoja ndani. Neno baya sikuliona. Hata ule mwisho wa kuomba radhi waliusifu, wakasema huyu mtoto ana malezi. Kichwa kikanivimba kidogo.

Wote wamesaini, hata yule mwoga wetu anayemchukulia Tulieni chai. Tulieni ameipokea kwa mikono miwili. Mkutano ni Jumamosi. Siku ya wazazi nitakuja nikusimulie mwenyewe, niige na sauti zao.

Kengele mbili, tena kwa nguvu.
Mamako


Shuleni,
17 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. U mzima? Siku ya wazazi nilikaa kwenye ngazi za bwalo mpaka lango likafungwa. Nikajiambia wamekubadilishia zamu.

Jana gazeti lilifika maktabani. Ukurasa wa ndani, chini kabisa: "Magadi wa treni waomba radhi, chama chatia saini." Nilidhani ni magadi wengine. Kisha nikaona wamenukuu sentensi. Ni sentensi yangu, mama, nzima mpaka nukta. Nyingine hawakuiweka hata moja.

Niambie ilikuwaje. Niambie hujakasirika. Au kasirika, lakini andika.

Kengele mbili.
Mwanao


Nyumbani,
11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, usikose usingizi. Sikuandika kwa sababu kila nilipoanza, kalamu ilitaka kulia kabla yangu.

Tulieni alisimama na barua yetu. "Wenzangu, barua ya magadi ni ndefu na muda ni mfupi. Nitasoma kiini." Akafunua ukurasa wa pili, akasoma mstari wa mwisho kwa sauti ya mahubiri, akaikunja. "Mmesikia. Wenzetu wameona walisumbua, wameomba radhi. Nani anapinga tukiwasamehe?"

Nani atanyoosha mkono kupinga msamaha? Wakata tiketi na mafundi wa njia walipiga makofi. Nikapiga kelele, "Soma juu! Soma juu!" Nilitaka asome kule juu ya barua. Yeye akatabasamu. "Mama anataka nisome kwa sauti ya juu." Akausoma tena mstari ule ule, kwa nguvu zaidi. Ukumbi ukacheka. Tukasamehewa mara mbili, na saini ikatiwa.

Nje Dada Filimbi aliuliza, "Nani alitutilia radhi humo?" Nikasema ni mimi. Jibu hilo libaki hivyo hivyo. Siku zile za mwisho nilikuwa naingia chumba cha nguo, mazungumzo yanakatika kama umeme. Eti magadi! Wametulainisha kweli, kama magadi yale ya jikoni yanavyolainisha maharage.

Safari yangu ya mwisho nilipiga mbili, Mzee Breki akajibu mbili. Kisha akapiga nyingine ndefu isiyo na maana yoyote kazini. Nilimwelewa.

Hukukosea. Ulifunzwa adabu. Wangekosa neno hilo wangetafuta lingine, hata koma.

Kengele mbili.
Mamako


Shuleni,
20 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea chooni, maana ndiko pekee mlango unakofungika.

Nimeandika nyingine. Hii haina radhi. Inaanza na "Hatukubali" na inaishia na "Hatukubali." Wiki hii mwalimu alitupa zoezi la barua rasmi, nikaifunga bila ile sentensi. Akaniandikia kwa wino mwekundu: "Adabu iko wapi?" Nilisimama nimjibu. Nikakaa.

Wape waisaini. Na tafadhali, mwambie Dada Filimbi ni mimi. Siwezi kula chakula huku wewe unanyimwa salamu kwa ajili yangu.

Kengele mbili.
Mwanao


Nyumbani,
2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima na unakula. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nikitafuta habari moja nzuri ya kukuandikia, nikaikosa.

Barua yako nimeizungusha. Dada Filimbi amehama, hakuna anayejua aliko. Wengine waliniambia kupitia mlangoni kwamba wameshasaini ya kutosha. Nikaipeleka na jina langu peke yake. Karani wa chama hakuipokea. Alisema chama ni cha wafanyakazi wa reli, na mimi si mfanyakazi wa reli tena. Nikamwambia, nimeacha kuwa mfanyakazi kwa saini yenu. Akasema, "Ndiyo maana, mama." Wala hakusema kwa ubaya. Alinipa kiti.

Sasa ninaosha mabehewa kule karakana, kibarua, leo upo kesho haupo. Huko ndiko nilikosikia ya Mzee Breki. Kwenye kituo cha sokoni alibonyeza kitufe, milango ikajifunga, naye akakaa bila kuondoa treni. Abiria wakagonga madirisha, wakamtukana. Walipomwuliza alisema anasubiri kengele mbili. Wamemsimamisha kazi, wanasema akili imechoka. Alikwenda kwenye chama. Kimemwambia atulie.

Kibarua hakiwezi kubeba shule, mwanangu. Muhula ukiisha funga vitu vyako vyote, hata godoro. Vitabu vya maktaba virudishe, usije ukaitwa mwizi juu ya hayo.

Naomba radhi kwa usumbufu.
Mamako


Shuleni,
9 Juni

Mama,

Shikamoo. Vitabu nimevirudisha. Msimamizi wa maktaba aliniuliza nimemaliza vyote, nikamwambia ndiyo. Godoro nimelifunga kwa kamba.

Barua yako haikuwa na kengele. Niligeuza karatasi nyuma kutazama. Usiniombe radhi wewe. Sentensi hiyo nimeshaona kazi yake.

Nitakuja na treni ya Ijumaa mchana. Nitapanda behewa la mwisho, nisimame pale mlangoni kwako. Tukifika kituo cha sokoni nitalitazama jukwaa lote mpaka lilipopindia, ingawa nikiona mguu nje sina wa kumwambia.

Nikifika nyumbani nitagonga mara mbili. Hata kama umechoka, usiseme niingie. Nijibu mbili kwanza. Nitasubiri.

Mwanao