Mbwa wa Wawindaji wa Kiholanzi

Dada Neema,

Shikamoo kutoka Buffalo, Marekani, kwenye baridi ya kukata masikio. Nimekuja kujitambulisha kwa baba yake mchumba wangu Furaha, mzee Mkongomani asiyecheka ovyo. Leo tulikwenda makumbusho, tukasimama mbele ya mchoro ulio upande wa pili wa kadi hii: wanakijiji wa Uholanzi wanarudi kuwinda, sungura begani, mbwa miguuni. Nikajitia mjuzi. Nikamwambia mzee kwamba nyumbani nilikuwa nawinda digidigi nikiwa na mbwa wangu mwenyewe, mimi niliyekuwa namkimbia hata mbwa wa jirani aliyefungwa. Nikainama nimwonyeshe meno ya yule mbwa, pua yangu ikakaribia mno, king'ora cha kulinda mchoro kikalia. Niliruka nyuma nikimwita Mama kwa sauti, nikamkanyaga mzee mguu. Furaha akaficha uso.

Mzee alinitazama, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Bon," akasema, "mwanaume mwenye kuogopa imbwa ya kwenye picha hawezi kutesa mutoto yangu. Wazazi yako watupigie simu, tuongee."

Mpe Mama habari hiyo njema, nawe umbusu kwa niaba yangu. Nimewamiss mno.

Mdogo wako,
Elia