Jina la Kigoda

Shoga, usinipigie, nalia siwezi kuongea. Soma tu.

Si unajua wanavyomwita mwanangu Kigoda, eti na ile fimbo yake ana miguu mitatu? Jana walimwangusha, wakamkalia mgongoni. Wakasema kazi ya kigoda ni kukaliwa.

Leo nimekwenda shuleni mara ya nne. Mwalimu mkuu hata kikombe cha chai hakukiweka chini. "Mama, huo ni utani wa watoto." Utani! Halafu akamuuliza mwalimu wa darasa, "Hivi Kigoda ndiye yupi?" Naye akacheka, "Si huyo hapo nje."

WALIMU, shoga. Kigoda. Mbele yangu!

Nikawaka. Nikawaambia nikilisikia hilo jina tena nakwenda kwa afisa elimu na nakala za barua zote tatu nilizowaandikia. Nikabamiza mlango. Mwanangu kwenye benchi, kichwa chini. Nikamwita kwa hasira zilezile: "Kigoda, inuka twende!"

Mimi. Mama yake mzazi. Kweli ulimi hauna mfupa.

Huko ofisini wakaangua kicheko. Kicheko chao nitakisahau. Lakini mwanangu hata hakushtuka, shoga. Aliokota fimbo yake, akaitika, "Abee, mama."