Lori la Baba Halikauki

Mpendwa Mshauri, nisaidie, maana nimechoka hadi sijui nianzie wapi, mimi ni mpiga rangi wa magari, mwaka wa ishirini na saba niko karakana ileile, magari ya watu yanatoka mikononi mwangu yaking'aa hadi wenyewe wanachania nywele kwenye milango, lakini kuna kigari kimoja cha plastiki, kirefu kama kiganja changu tu, kimenishinda kabisa na kinaniliza mtu mzima.

Ni mfano wa lori la baba, lile aliloendesha mpaka akastaafu, nimeliunganisha mwenyewe kipande kwa kipande nimpelekee alione, kwa sababu macho yake yanakwisha, daktari amesema baada ya miezi michache atabaki kutofautisha mwanga na giza tu, sasa kila nikilipulizia rangi ya kijani ya mkebe linatoka na vijipele kama ganda la chungwa, au rangi inachuruzika, au unywele wa paka unanasa juu, nami naivua rangi yote, napiga msasa, naanza upya, hii ni mara ya saba na mistari ya milango imeanza kufutika, mke wangu anasema bafu limegeuka karakana na taulo zote zina kijani, na baba akipiga simu anauliza, "Lori langu limekauka?" namjibu, "Bado kidogo, baba," na mwezi wa tatu huu sijatia mguu kwake kwa sababu siwezi kwenda mikono mitupu.

Utasema ni kigari tu, lakini lori lile la kweli ndilo gari la kwanza nililopiga rangi maishani, nikaliharibu, rangi ikachuruzika mlango wa dereva, na baba hakukubali kamwe mlango ule upigwe upya, akaizungusha aibu yangu mjini miaka kumi na minne, ndiyo maana nataka hili liwe laini kama kioo kabla macho yake hayajazima, nifanyeje?

Fundi Aliyechoka

Fundi, pole. Pole sana, tena nami nimechoka kukusoma, maana umeandika bila kupumua.

Tuanze na rangi, kwa kuwa ndiyo uliyoniuliza. Nimemwuliza jirani yangu mshona viatu, ambaye rafu yake imejaa vigari vya aina hiyo, akacheka mpaka akaangusha sindano. Anasema kinachokuponza ni mazoea: unapulizia kitu cha kiganja kwa mkono wa kupulizia basi. Kioshe kwa sabuni mafuta ya vidole yatoke, kisha ukishike kwa kijiti tu. Loweka mkebe kwenye maji ya vuguvugu, rangi itoke laini. Mkono wa kwanza wa rangi uwe mwepesi, plastiki bado ionekane chini yake, usubiri robo saa, urudie mara tatu au nne. Halafu funika na beseni safi, paka umfungie nje, usiguse siku mbili. Na msasa uuweke mbali na mistari ya milango, umeshaitesa vya kutosha.

Haya, sasa nikugombeze. Miezi mitatu unamwambia dereva mstaafu kwamba kigari cha kiganja hakijakauka, na unadhani anakuamini? Mzee anajua unamkwepa, anakustahi tu. Katika vitu anavyotaka kuviona kabla giza halijaingia, uso wako umo, nawe umemnyima kwa sababu ya vijipele. Hilo limeniudhi kuliko taulo za mkeo.

Na huo mlango. Baba anakataa miaka kumi na minne usipakwe rangi nyingine, na wewe fundi mzima bado unauita aibu? Mwenye aibu angekuwa wa kwanza kukuletea mkebe. Yeye kila asubuhi aliushika mlango ule akapanda kazini, na kazi ya kwanza ya mwanawe ilikuwa hapo chini ya kiganja chake. Sijui umewezaje kupiga rangi miaka yote hii bila kuliona hilo.

Kwa hiyo fanya hivi. Lilainishe lori kila mahali kama unavyotaka, ila mlango wa dereva uache uchuruzike. Kuchuruzisha unakuweza, umeshafanya mazoezi ya kutosha. Jumamosi hii ulibebe, limekauka halijakauka, umkalishe mzee karibu na dirisha kwenye mwanga, umtie mkononi. Usimweleze chochote. Utaona dole gumba lake linakwenda wapi kwanza.